Kutoka Mdomo wa Luama Hadi Kasongo kwa Siku Moja

Ninyi vijana mnaoshuka Lualaba siku hizi na mashine ikinguruma nyuma ya mtumbwi, mara nyingi mnanishika mikono na kushangaa. Mnasema, Mzee Shabani, ulipiga kafi miaka yote ile, mbona viganja vyako ni laini kama vya karani? Ni kwa sababu nilifundishwa vizuri. Kafi halishikwi kama jembe. Ukilibana, litakula ngozi yako kabla jua halijafika utosini, na kesho yake hutaweza hata kumega ugali. Unalishika kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, wala asife.

Aliyenifundisha hivyo aliitwa Amisi. Sisi tulimwita Baba Amisi, maana alikuwa rika la baba yangu na alinichapa kama baba yangu. Alikuwa Mgenya, mtu wa mto tangu tumboni, na ndiye nahodha wa mtumbwi wa posta ya serikali pale Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Ulikuwa mtumbwi mrefu wa gogo moja, wa kuchukua watu kumi na tano na mizigo yao. Yeye alisimama nyuma na kafi refu la kuongozea. Mimi nilikuwa mtu wa mbele. Katikati walikuwapo Sefu na mdogo wake, wapiga makafi wawili wenye nguvu kama nyati, ambao kwa miaka yote ile sikuwasikia wakibishana juu ya kitu kingine ila chakula.

Kazi ya mtu wa mbele si nguvu. Ni kuona na kusema. Wa nyuma anaongoza, lakini mbele yake kuna migongo, mizigo, miavuli ya wageni. Hawezi kuona kila kitu. Mwezi wangu wa kwanza tulikuwa tumembeba mzungu mmoja aliyetaka kukaa katika kiti chake cha kukunja, na buti zake mpya, katikati ya mtumbwi. Nikaona jiwe. Nikapiga kelele, "Kushoto!" huku mkono wangu ukionyesha kuume. Baba Amisi akafuata mdomo, Sefu akafuata mkono, na maji yakaingia mpaka kwenye magoti ya mzungu. Baba Amisi akamwambia kwa heshima kwamba mto wetu humsalimia mgeni miguuni. Mzungu akafurahi. Kisha tulipofika nchi kavu Baba Amisi akanivuta sikio: "Mukono yako na mudomo yako vigombane kwako nyumbani. Hapa hapana."

Alinifundisha kusoma maji. Maji yanayong'aa laini kama ngozi iliyopakwa mawese, huku pembeni yanatetemeka, yamefunika jiwe. Mistari miwili inayokutana mbele yako kama mguu wa kuku ni njia, pita katikati. Lakini kama mguu wa kuku umegeuka, kisigino kinakutazama wewe, hapo kuna kitu kimesimama chini, mti au mwamba, kimbia. Ndege wakisimama katikati ya mto na magoti yao yanaonekana, usiniambie kwamba ulikuwa hujui mchanga ulipo.

Sasa niwaeleze juu ya macho yake.

Sikumbuki siku niliyojua. Kwanza alianza kuniuliza mara nyingi, "Shabani, maji iko namna gani?" Nilidhani ananipima kama mwalimu. Nikajibu. Kisha siku moja kule kwenye nyumba ya wageni nikamwona akilisalimia koti la mtu lililotundikwa ukutani. Alilisalimia vizuri kabisa, akauliza habari za nyumbani, akangoja jibu. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Watu wengi wa sehemu za maji makali walipata ugonjwa huo. Wale inzi wadogo weusi wa kwenye maporomoko wanakuuma miaka na miaka, ngozi inawasha, kisha ukungu unaingia machoni na hautoki.

Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Lakini nilianza kuuweka mto ndani ya wimbo. Ninyi mnajua, bila wimbo makafi hayaendi pamoja. Wa mbele anaanza, wengine wanaitikia. Basi nikawa naimba, "Mama mkwe ana mchanga kuume, eee," na wao wanaitikia, naye nyuma anageuza mtumbwi polepole kushoto. "Mama mkwe amelala chini kushoto," yaani jiwe. Sefu alidhani nina ugomvi mkubwa na mama mkwe wangu. Tulisafiri hivyo miezi mingi. Mkubwa wa posta angejua, angemtoa kazini siku hiyohiyo, na Baba Amisi hakuwa na shamba, hakuwa na mke, mke wake alikuwa amekufa, na hakujua kazi nyingine duniani.

Siku ninayotaka kuwaambia, tulikuwa tumelala kwenye mdomo wa Luama, pale mto huo unapoingia Lualaba, baada ya kupeleka mizigo ya posta. Tulitakiwa kurudi Kasongo siku hiyo moja. Ni safari ndefu, alfajiri mpaka jua kuzama, hata kama mkondo unakusaidia. Tulipokuwa tunafungua kamba, akaja mama mmoja ametelemka Luama na mtumbwi mdogo wa wavuvi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Mikononi alikumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa majani makavu na vikwembe viwili.

"Ninaitwa Zaina," akasema. "Natoka Kabambare. Mutoto yangu Feza anaolewa Kasongo kesho. Munipeleke, baba zangu."

"Na huyo mtoto umemshika?" akauliza Baba Amisi, ambaye alisikia vikwembe vikikwaruzana kifuani mwa yule mama.

Yule mama akamtazama. "Si mtoto, baba. Ni mtungi."

Alikuwa mfinyanzi. Mtungi ule aliufinyanga mama yake mzazi, naye alipewa siku ya ndoa yake, na sasa alikuwa anampelekea Feza. Amekuja nao kutoka Kabambare kwa miguu, akaingia nao katika Luama, na hakuruhusu mtu yeyote aushike. Maji aliyaogopa. Alikaa katikati ya mtumbwi, mbele ya Sefu, akajikaza kama mtu anayekaa juu ya moto.

Asubuhi ile mto ulikuwa mzuri mpaka nasikitika sina maneno. Ukungu ulikuwa unapanda kidogokidogo, na kila ulipopanda kitu kingine kilizaliwa: kwanza matete, kisha mikindu, kisha ukingo wenyewe, mwekundu, umetobolewa mashimo na ndege wa rangi ya damu ambao hutoka wote pamoja kama mtu amepiga makofi. Kiboko mmoja alipumua mbali. Makafi yalikuwa yanaingia majini bila sauti. Nilimsikia Mama Zaina akitoa pumzi aliyoishika tangu ufukoni.

Baba Amisi alisikia pia. Ili kumtoa woga, akaanza kumwonyesha mto. Alijua kusema, yule mzee! Akamwambia hapa ndipo samaki wanapotaga, kule walikaa wazee fulani wakahamishwa kwenda barabarani kulima pamba, na kona hii watu wa zamani waliipita kimya. Mama Zaina akawa anageuza shingo huku na huku kama mtoto, ameusahau woga.

"Sasa, mama, tazama kuume," akasema Baba Amisi. "Utaona mufuma mukubwa, mti mukubwa kupita yote, umejaa ndege weupe. Hapana pahali pengine pazuri kama hapa."

Mama Zaina akatazama kuume. Hakukuwa na mti. Ule mfuma ulikuwa umeanguka masika iliyopita, ukingo ulipomomonyoka, na mto ulikuwa umeubeba. Kulikuwa na udongo mtupu na mizizi michache.

Akageuka akanitazama mimi. Nikatazama kafi langu.

"Ndiyo, baba," akasema taratibu. "Nauona. Ndege ni wengi sana."

Hapo nilijua kwamba amejua. Na sijui kwa nini, badala ya kumshukuru moyoni, niliona haya, na haya ikageuka hasira. Nilikuwa na miaka thelathini hivi. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nilikuwa ninaubeba mtumbwi ule kwa macho yangu, na sifa zote zilikwenda nyuma. Kijana, hasira haiji siku moja. Inakusanyika kama maji chini ya mtumbwi, unaona vidole vimelowa tu.

Jua lilipokuwa juu tukafika mahali ambapo mto unagawanyika kwa visiwa. Nilichelewa kuimba. Nilikuwa natafuna kwanga, mkate wetu wa muhogo. Tukagusa mchanga kidogo, mtumbwi ukatetemeka, Mama Zaina akapiga ukelele. Baba Amisi akakasirika, labda kwa sababu mgeni aliogopa.

"Huyu Shabani," akasema kwa sauti kubwa, "anajua kutafuna tu! Ninamufundisha miaka kumi, maji haijui. Mungu alimupa macho bure!"

Sefu na mdogo wake wakacheka mpaka makafi yakapigana.

Nikaacha kuimba.

Sikuamua. Nilifunga mdomo tu. Tukaingia kwenye mfereji mwembamba kati ya kisiwa na ukingo, maji yanakwenda kasi. Nami nikauona mbele: mguu wa kuku uliogeuka. Kisigino kilikuwa kinatutazama. Mti ulikuwa chini ya maji, umelala kushoto kwetu. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Nawaambia ukweli, ningeweza kusema mara tatu. Moyo wangu ukasema, Acha aone mwenyewe aliyepewa macho kwa faida. Nilidhani tutaugusa kidogo tu, atatahayari, tutaendelea.

Hatukuugusa kidogo. Mtumbwi ulipanda juu ya mti kama mbuzi juu ya ukuta, ukalala ubavu, maji yakaingia. Nikashika ukingo wa mtumbwi. Niligeuka na pale katikati hapakuwa na mtu. Mama Zaina alikuwa ameanguka, na mtungi wake mikononi.

Sote tulipiga kelele. Sefu anaita huku, mdogo wake anaita kule, mimi nasimama kama kijiti. Kulikuwa na povu na matete na mwanga mkali juu ya maji. Sisi wenye macho hatukuona kitu.

"NYAMAZENI!"

Sikuwahi kumsikia Baba Amisi hivyo. Tukanyamaza. Alikuwa amesimama nyuma, kichwa ameinamisha upande mmoja. Maji yalikuwa yanavuma. Mimi nilisikia maji tu. Yeye akausukuma ule upondo wetu mrefu, mti wa kusukumia mtumbwi, moja kwa moja ndani ya matete, mahali ambapo mimi nisingetafuta, akasema kwa sauti ya upole, kama mtu anayesema na jirani juu ya ua:

"Shika, mama. Shika hapa. Usipige miguu."

Na upondo ukawa mzito.

Tulimvuta mpaka kwenye mchanga wa kisiwa. Alitapika maji, akalia kidogo, akakaa. Mtumbwi tuliutoa, tukaumwaga maji. Tukawasha moto kwa kuni zilizokauka juani. Kitu chake bado alikuwa amekikumbatia, katika vikwembe vilivyolowa, maana hakukiachia hata alipokuwa chini ya maji, mkono mmoja upondo na mkono mmoja mtungi. Akakifungua mbele yetu. Ulikuwa vipande. Alivipanga juu ya mchanga kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta uso anaoujua.

Mimi sikuweza kukaa karibu. Nilijifanya kukagua mtumbwi.

Lakini nilisikia. Mama Zaina alimwuliza Baba Amisi, "Tangu lini, baba?"

Baba Amisi akanyosha viganja kwenye moto. Kisha akasema, "Masika mbili. Mwanzo nilikuwa naona watu kama moshi. Sasa naona kama jua iko ama haiko."

"Na ule mti uliniambia nitazame?"

"Ulianguka?"

"Ulianguka."

"Ulikuwa mti muzuri," akasema. Nikaona machozi yanateremka, na hakuyafuta, labda alidhani kwa kuwa yeye hatuoni na sisi hatumwoni.

Mama Zaina akafunga vile vipande tena. Akasimama, nguo zinamshika mwilini, akaenda akakaa mbele katika mtumbwi, karibu nami, ametazama tunakokwenda. "Twende," akasema. "Mutoto yangu anangoja. Huyu ataimba na miye nitasaidia kutazama. Baba, utaongoza."

Basi mwendo wa mchana ule, vijana wangu, sijawahi kuona mwingine kama huo. Hapakuwa na siri tena. Mimi naimba mto kwa majina yake ya kweli, mchanga ni mchanga, jiwe ni jiwe, na Mama Zaina, ambaye hakujua jina la kitu chochote cha majini, anapiga kelele pamoja nami.

"Baba! Kuna kitu nyeusi!"

"Kitu gani, mama?"

"Sijui! Iko na masikio!"

"Kushoto! Kushoto wote!" nikapiga kelele. Tukamwachia kiboko nafasi yake, na Sefu akacheka hadi akapaliwa. Baba Amisi naye alicheka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya misitu ya ng'ambo na mto umekuwa mpana, wa rangi ya mawese, na mzee wa watu anaongoza mtumbwi kwa sauti ya mwanamke aliyemjua kwa nusu siku. Nilikuwa nimekaa kati ya sauti zao mbili na shingo yangu ilikuwa inawaka kwa aibu.

Tulifika kivuko cha Kasongo bado kuna mwanga. Karani wa posta alikuwa amesimama ufukoni, na Feza na wakwe zake wamekuja kupokea. Baba Amisi aliuleta mtumbwi nchi kavu taratibu, bila kugonga, kwa kusikiliza sauti za watu. Sijaona mtu aliyefika vizuri kama alivyofika yeye siku ile. Akashuka. Akachukua kafi refu, akanyosha mkono akatafuta bega langu, akalipata.

"Karani," akasema, watu wote wanasikia. "Kuanzia kesho Shabani atasimama nyuma. Macho yangu imekwisha."

Nami nilipokea lile kafi nililolitamani miaka yote, na lilikuwa zito mikononi kama mzoga.

Ndoa ikafanyika. Feza aliwekewa vile vipande katika sahani, akaambiwa ni vya bibi yake, akavililia. Baada ya wiki tatu Mama Zaina akaja kivukoni na furushi lake, anarudi Kabambare. Baba Amisi alikuwa amekaa pale kila siku, anashona nyavu za watu, anatambua mitumbwi kwa mlio. Mama Zaina akachutama karibu naye.

"Baba Amisi," akasema, "miye ni mujane, weye mufiwa. Kazi yangu inataka mutu wa kukanyaga udongo mpaka ulainike, na kupapasa mtungi kama una unene sawasawa. Macho hapana kazi pale. Vidole tu."

Sefu, ambaye alikuwa anakula, aliacha kutafuna. Hilo lilitokea mara moja maishani mwake.

Baba Amisi akaweka wavu chini. Kisha akauliza, "Kabambare kuna mto?"

"Kuna kijito. Kinasikika nyumbani."

Walifungishwa ndoa hapo Kasongo kwa shehe, kabla ya kuondoka. Mimi ndiye niliyewapandisha mpaka mdomo wa Luama, nimesimama nyuma. Walikaa katikati na hawakunifundisha kitu chochote.

Nilikaa miaka miwili kabla sijawa na ujasiri wa kwenda Kabambare. Nilitembea, barabara ilikuwa matope mpaka magotini. Nikamkuta Baba Amisi uani, miguu yake ndani ya udongo, anakanyaga kama anayecheza ngoma ya polepole. Alijua hatua zangu kabla sijabisha hodi. Mikono yake ilikuwa imekuwa ya mfinyanzi, na sura yake imenenepa. Mama Zaina akaleta maji ya kunawa, akaenda jikoni.

Sikungoja. Nilisema, "Baba, siku ile kwenye mfereji, ule mti niliuona. Niliuona mapema. Nilinyamaza kwa kusudi, kwa sababu ulinitukana."

Akaacha kukanyaga.

"Niliusikia," akasema.

"Nini, baba?"

"Ule mti. Maji ilikuwa inausema toka mbali. Kushoto, chini kidogo. Ningeweza kugeuza." Akafuta udongo kwenye vidole, kidole kwa kidole. "Lakini nilikuwa nimekutukana mbele ya watu, mwanangu. Nikasema moyoni, acha Shabani aniite. Nilitaka kujua kama uko na miye bado. Nikangoja uniite, nikangoja, mpaka tukapanda juu."

Alitafuta kichwa changu, akakiwekea mkono wenye udongo, akauacha hapo.

Mama Zaina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali na samaki. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Kumbe," akasema, "mulinitosa majini wawili." Akatutazama mmoja mmoja, na sisi hatukuinua uso. Mwisho akaweka sinia chini. "Nawa tena, weye Shabani, umejaa udongo. Kuleni, wali unapoa."

Tukala sinia moja, mimi kushoto kwa Baba Amisi. Kila mkono wake ulipokosa samaki, nilimsogezea kipande polepole bila kusema kitu, na kila mara alisema, "Nimeiona."